Mwongozo kamili: kutambua na kuelezea spishi ya nyigu kekeo wa tropiki

Rangi ndiyo inayomvuta mtu kwa nyigu kekeo, na rangi ndiyo inayompoteza. Kijani, buluu, zambarau na wekundu wa shaba anaong'aa nao havitokani na rangi iliyomo ndani ya gamba. Gamba lenyewe lina tabaka nyembamba zinazoakisi mwanga, hivyo ukimgeuza mdudu kidogo tu chini ya taa, kijani kinageuka buluu. Akiwa na unyevu huonekana tofauti na alivyo akikauka. Stilbum cyanurum, nyigu mkubwa anayepatikana Afrika, Ulaya ya kusini, Asia hadi Australia, anaweza kuwa wa kijani, wa buluu au wa zambarau, na kwa sababu hiyo alipewa majina mengi yasiyo na kazi leo. Mwongozo huu basi unaiacha rangi hadi karibu na mwisho. Tunaanza na makucha, mabawa na meno.

Jina lake linaeleza maisha yake. Kama ndege kekeo anavyotaga katika kiota cha ndege mwingine, nyigu huyu huingia kwenye kiota cha nyigu au nyuki anayeishi peke yake na kuacha yai lake humo. Buu likianguliwa humla buu wa mwenyeji, au hula chakula alichowekewa. Familia yao ni Chrysididae, na jenasi ya Chrysis peke yake ina spishi zaidi ya 1,000. Anayechukua sampuli moja ya Chrysis kutoka msitu wa tropiki akitarajia kupata jina lake jioni hiyo hiyo hajui ukubwa wa kazi aliyoianza.

Hatua ya 1: Kupata sampuli zinazofaa

Sampuli moja haitoshi kueleza spishi, ingawa kanuni za majina ya wanyama hazikatazi. Lenga walau majike matano na madume matano, kutoka zaidi ya mahali pamoja ikiwezekana. Kabla ya kuweka mtego wowote, pata kibali cha kukusanya na, kama sampuli zitavuka mpaka, kibali cha kuzisafirisha. Majarida mengi huuliza, na makumbusho hayapokei sampuli zisizo na karatasi hizo.

Mchana wa jua kali, tafuta magogo makavu yaliyotobolewa na mende, kuta za udongo, kingo za mchanga na matawi yaliyokufa. Nyigu kekeo hutembea juu yake akigongagonga kwa vipapasio. Wavu wa kawaida unatosha, na unaweza kumshika kwa vidole bila hofu: mrija wake wa kutagia umechukua nafasi ya mwiba, naye akishtuka hujikunja kuwa mpira.

Mabakuli ya manjano yaliyojazwa maji na matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo hukamata wadogo wa kabila la Elampini (kundi moja ndani ya familia hii) ambao wavu huwapita. Yakusanye kila siku. Mdudu aliyekaa majini siku mbili katika joto la tropiki huanza kuoza, viungo huachana na manyoya hushikamana.

Njia bora kuliko zote, na inayopuuzwa zaidi, ni viota vya mtego. Kata vipande vya matete au mianzi vyenye urefu wa sentimita 15 hadi 20, upande mmoja umezibwa na fundo, na tundu la milimita 3 hadi 12. Changanya vipenyo, maana kila mwenyeji huchagua ukubwa wake. Funga vipande 20 hivi pamoja na uvining'inize kwa waya mahali pakavu penye kivuli, mita 1 hadi 2 kutoka ardhini. Paka waya grisi, la sivyo siafu na sisimizi watavimaliza kabla yako. Kila wiki au mbili toa vilivyozibwa, weka kila kimoja katika mrija wake wenye kizibo cha pamba, kisha subiri. Anayetoka humo anakuja na jambo ambalo wavu haulitoi kamwe: mwenyeji wake. Usitupe kifukofuko tupu wala mabaki ya chumba. Yabandike kwenye kadi na uyahifadhi pamoja na sampuli. Viota vya udongo vya nyigu-mfinyanzi Sceliphron vinaweza kushughulikiwa vivyo hivyo, kila donge katika chupa yake.

Hatua ya 2: Kuua, kukunjua na kubandika

Kama unataka DNA, gandisha mdudu au umtie katika ethanoli ya 95% au zaidi. Ethili asetati huua haraka na kuacha viungo laini, lakini huharibu DNA. Ukiitumia, toa kwanza mguu mmoja wa kati na uuhifadhi katika ethanoli kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, wenye namba ileile ya sampuli.

Tatizo la familia hii ni kujikunja. Fumbatio limebonyea upande wa chini kama kijiko, na mdudu anapokufa hulifunika juu ya kichwa na miguu. Akikauka hivyo, uso, makucha na mabamba ya chini havionekani tena. Mkunjue ndani ya saa moja ya kwanza: mlaze chali juu ya kipande cha sponji, tia ncha ya pini kati ya kidari na fumbatio, sukuma polepole hadi fumbatio linyooke, kisha lizuie kwa pini mbili zilizopishana, bila kumtoboa, kwa siku mbili. Wa zamani aliyekauka mweke kwenye chombo kilichofungwa chenye karatasi yenye maji kwa saa 12 hadi 24, pamoja na kipande cha thimoli kuzuia ukungu. Ukilazimisha mkavu, kinachovunjika huwa ni shingo.

Walio na urefu wa zaidi ya milimita 8 hutobolewa kwa pini ya chuma cha pua namba 1 au 2, kulia kidogo ya mstari wa kati wa kidari, ili upande wa kushoto ubaki mzima. Wadogo zaidi hubandikwa ubavuni kwenye ncha ya kadi ya pembetatu kwa tone dogo la gundi inayoyeyuka majini. Gundi isiguse bamba la pili la chini la fumbatio, utalihitaji.

Lebo iandikwe siku hiyo hiyo: nchi, eneo, viwianishi vya desimali vyenye tarakimu nne baada ya nukta, mwinuko, tarehe (mwezi kwa namba za Kirumi, kama 12.iii.2024, ili asitokee wa kuugeuza mwezi kuwa siku), njia ya kukamata na mkusanyaji. Mwenyeji anapojulikana huandikwa kwenye lebo ya pili. Sampuli nzuri isiyo na mahali haiwezi kuwa msingi wa jina lolote linaloheshimika.

Hatua ya 3: Hakikisha ni nyigu kekeo

Si kila kinachong'aa ni Chrysididae. Inzi wa kijani wana mabawa mawili tu. Nyuki wa kijani wana manyoya yenye matawi na vifaa vya kubebea chavua. Nyigu wa Chalcidoidea, ambao huwadanganya wengi, wana bawa lenye mshipa mmoja tu wa maana ukingoni. Ampulex, muuaji wa mende wa nyumbani, ana kidari kilichorefuka mbele kama shingo.

Nyigu kekeo wa kawaida ana gamba nene lenye vishimo, fumbatio lililobonyea chini, mabamba matatu tu ya juu yanayoonekana, na bawa la nyuma lisilo na chumba hata kimoja kilichofungwa na mishipa pande zote. Vipapasio vina pingili 13 kwa jike na kwa dume pia. Hapa wanaozoea nyigu wengine hukosea, kwa kuwa kwingineko hesabu ya pingili hutenganisha jinsia. Huku haitenganishi chochote.

Tahadhari moja: familia hii ina nusufamilia nyingine. Amiseginae na Loboscelidiinae, ambao mabuu yao hula mayai ya wadudu-vijiti, mara nyingi ni wa kahawia au weusi, wengine bila mabawa, na wanafanana na sisimizi kuliko kito. Cleptinae hushambulia nyigu-msumeno. Makundi haya yana mabamba manne yanayoonekana kwa jike na matano kwa dume. Maelezo yanayofuata ni ya nusufamilia ya Chrysidinae, ambao ndio wengi.

Hatua ya 4: Kushuka hadi jenasi

Tumia hadubini ya macho mawili yenye ukuzaji wa angalau mara 40, na anza na ukucha. Wenye jino moja au zaidi la ziada upande wa ndani wa ukucha ni Elampini: Hedychrum, Holopyga, Hedychridium na wenzao. Bamba la tatu kwao kwa kawaida halina meno, ingawa laweza kuwa na pengo dogo katikati ya ukingo. Wenye ukucha laini usio na jino la ziada na bamba la tatu lenye safu ya mashimo kabla ya ukingo ni Chrysidini. Wenye ulimi mrefu uliokunjwa chini ya mwili na kifuniko kikubwa kinachoficha shina la bawa ni Parnopini. Dume wao ana mabamba manne.

Ndani ya Chrysidini, hesabu meno ya ukingo wa bamba la tatu. Matano, moja likiwa katikati, ni dalili ya Praestochrysis, ambao baadhi yao hutoka kwenye vifukofuko vya nondo wa Limacodidae. Matatu huelekeza Trichrysis. Manne, pamoja na metanoto (bamba la mgongoni sehemu ya nyuma ya kidari) iliyochomoza nyuma kama koleo, ni Stilbum, na hapa ukubwa nao husaidia kwa kuwa hao ni majitu wa familia. Manne au sita bila koleo, au ukingo mtupu, mara nyingi ni Chrysis, lakini “mara nyingi” si jibu. Pitia ufunguo mzima wa jenasi, yaani orodha ya maswali ya kutambua hatua kwa hatua. Ule wa wataalamu Kimsey na Bohart wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 bado ndio unaoanziwa na wote.

Kuhesabu meno kunaonekana rahisi hadi unapokutana na mzee. Jike aliyeingia viota vya wenyeji msimu mzima huwa na meno yaliyolika, na jino la pembeni linaweza kuwa kona tu. Tazama kutoka juu, halafu kutoka nyuma, linganisha kulia na kushoto, na usiamue kwa sampuli moja yenye mabawa yaliyochanika, kwa sababu mabawa yaliyochanika ni ishara ya umri, na umri hula meno.

Hatua ya 5: Kupima

Hapa ndipo maelezo mengi ya zamani yanapoanguka, na ndipo ya kwako yanapoweza kusimama.

Sanifisha kwanza mikromita iliyomo kwenye lenzi ya jicho kwa kutumia slaidi ya kipimo. Kama kwa ukuzaji unaotumia mistari 100 ni sawa na milimita 2.5, mstari mmoja ni milimita 0.025. Rudia kwa kila ukuzaji. Kubadili ukuzaji katikati ya kazi bila kusanifisha upya ni kosa linalogunduliwa wakati meza ya vipimo imeshakamilika.

Urefu wa mwili pima, lakini usiutegemee. Buu hupata chakula kulingana na ukubwa wa mwenyeji, kwa hiyo ndugu wawili wa spishi moja wanaweza kupishana karibu mara mbili. Kinachodumu ni uwiano. Kipimo cha msingi ni kipenyo cha jicho dogo la kati kati ya yale matatu ya utosini, kinachofupishwa MOD. Kwa kipimo hicho pima:

– shavu, yaani umbali mfupi kabisa kutoka ukingo wa chini wa jicho hadi shina la taya;
– nafasi kati ya shina la kipapasio na mdomo wa juu;
– urefu na upana wa pingili ya kwanza ya mjeledi wa kipapasio, ile inayofuata skapo na pediseli, pingili mbili za shinani (F1), kisha ya pili na ya tatu.

Shavu likiwa mistari 11 na jicho dogo mistari 8, andika 1.4 MOD. Ncha zote mbili za unachopima lazima ziwe wazi kwa pamoja bila kugusa fokasi. Kama moja ina ukungu, mdudu ameinama na kipimo chako ni kifupi kuliko ukweli. Pima mara tatu, ukimtoa mdudu na kumrudisha kila mara.

Hatua ya 6: Kusoma umbo

Fuata mpangilio mmoja kwa kila sampuli, kutoka kichwani kwenda nyuma.

Usoni kuna bonde ambamo skapo hulala. Eleza kina chake, kama sakafu yake ni laini, ina mistari ya kukingama au vishimo, na kama juu yake kuna tuta linalokingama. Tuta hili hutenganisha spishi nyingi za Chrysis: laweza kukosekana, kunyooka, kupinda kama herufi M, au kutoa matawi yanayopanda kuelekea jicho dogo la kati.

Kwenye kidari angalia pronoto (bamba la mbele), urefu wake ukilinganisha na skutelo (bamba la mgongoni lililo mbele ya metanoto), ubavu wa kidari na mifereji yake, na pembe za propodeo (sehemu ya mwisho kabla ya fumbatio), kama zimechongoka au butu, zimeelekea nyuma au kando. Bawani angalia kama chumba cha ukingo kimefungwa au kiko wazi na mishipa imepinda vipi.

Vishimo vya gamba vinahitaji nidhamu. “Vishimo vikubwa vilivyosongamana” ni sentensi isiyomsaidia mtu yeyote, kwa kuwa kila spishi ya Chrysis inaweza kuelezwa hivyo. Andika ukubwa kwa MOD na nafasi kwa kipenyo cha kishimo chenyewe: “katikati ya bamba la pili vishimo ni 0.3–0.4 MOD, nafasi kati yao 0.5–1.0 ya kipenyo, zikiwa laini na zenye kung'aa. Kuelekea pembeni vinagusana.” Sema pia kama ni vya saizi moja au vikubwa vimechanganyika na vidogo.

Bamba la tatu lipe aya yake. Hesabu mashimo ya safu kila upande wa mstari wa kati, eleza kama ni ya duara au yameungana kuwa mfereji, umbo la meno, na kina cha pengo la katikati likilinganishwa na yale ya pembeni. Kisha geuza mdudu. Bamba la pili la chini lina madoa mawili meusi, na umbo lake, utengano wake na kama yanagusa ukingo wa mbele ni miongoni mwa alama za kuaminika zaidi katika Chrysis. Hii ndiyo sababu ya kelele zote za kukunjua.

Hatua ya 7: Jinsia na viungo vya uzazi

Laini­sha sampuli, kisha vuta ncha ya fumbatio taratibu kwa sindano iliyopindwa. Jike hutoa mrija unaorefuka kama darubini ya baharia; dume hutoa kapsuli ya kahawia. Kapsuli iondoe, iweke katika hidroksidi ya potasiamu ya 10% usiku mmoja bila kupasha moto, isuuze kwa maji yenye tone la asidi ya asetiki, halafu iangalie ndani ya gliserini. Ikipauka kabisa umeichelewesha. Hifadhi yake ni kichupa kidogo cha gliserini kilichochomwa kwenye pini ileile ya sampuli. Kichupa kilichotenganishwa hupotea, hata kwa watu makini.

Dume na jike wa spishi moja wanaweza kutofautiana kwa rangi na kwa meno. Usiwaunganishe kwa sababu tu walinaswa pamoja. Kutoka kiota kimoja ni ushahidi mzuri, na mfuatano wa COI, jeni inayotumika kama msimbopau wa DNA (wa kawaida una besi 658), husaidia sana. COI peke yake nayo isiamue kila kitu: katika kundi la Chrysis ignita spishi zimekaribiana kiasi kwamba umbo, DNA na mwenyeji hulazimika kusomwa kwa pamoja.

Hatua ya 8: Sasa rangi

Acha sampuli ikauke saa 24. Tumia mwanga uliotawanywa: nusu ya mpira wa tenisi ya mezani wenye tundu la lenzi, au silinda ya karatasi ya kuchorea ramani kuzunguka mdudu na taa nyeupe nje yake. Mwanga wa moja kwa moja hutoa madoa meupe kwenye kila kishimo na kufuta maelezo yote. Piga picha 20 hadi 60 kwa fokasi tofauti na uziunganishe kwa programu. Picha ziwe za mwili mzima ubavuni na juu, uso, bamba la tatu kutoka nyuma, na madoa ya chini. Kila moja na mstari wa kipimo. Eleza rangi kwa sehemu, taja tofauti kati ya sampuli, na usiifanye kuwa alama ya pekee inayotenganisha spishi.

Hatua ya 9: Je, ni mpya kweli?

Spishi nyingi za tropiki zilielezwa zamani kwa mistari michache. Kazi kubwa ya Mocsáry, mtaalamu wa wadudu wa Hungaria, ya 1889 iko katika Kilatini, na nyaraka nyingine za zama zile ziko katika Kijerumani na Kifaransa. Orodhesha majina yote ya jenasi hiyo katika ukanda wako, yakiwemo yaliyofanywa visawe (majina ya ziada ya spishi ileile), soma maelezo ya awali, kisha omba picha za holotipo, yaani sampuli moja inayobeba jina la spishi. Kwa spishi za Afrika utaandikia zaidi makumbusho ya London, Berlin, Tervuren (Ubelgiji) na Budapest. Omba picha za alama unazozihitaji hasa. Picha ya mgongo peke yake haitakusaidia.

Kabla ya kusema “mpya”, ondoa uwezekano mwingine: kwamba ni jinsia isiyojulikana ya spishi yenye jina, kibete kutoka kwa mwenyeji mdogo, mzee mwenye meno yaliyolika, au spishi ya kanda jirani iliyopanuka. Wanaojitokeza kuwa wapya kweli baada ya mchujo huo ni wachache kuliko ulivyodhani mwanzoni.

Hatua ya 10: Kuandika na kutangaza jina

Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinadai, kwa jina lolote lililotolewa baada ya 1999, liandikwe waziwazi kuwa ni jipya, liambatane na maelezo yanayolenga kuitofautisha spishi, na holotipo itajwe pamoja na makumbusho itakamohifadhiwa. Jarida la kielektroniki linakubalika tangu 2012, mradi kazi yenyewe iwe imesajiliwa ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama, na uthibitisho wa usajili uonekane ndani yake. Usilitaje jina kwenye bango la mkutano, tasnifu au mitandao ya kijamii kabla ya hapo.

Jina likiwa kivumishi, lifuate jinsia ya kisarufi ya jenasi. Chrysis ni ya kike, Stilbum na Hedychrum si za kike wala za kiume; ndiyo maana cyanura aliyewekwa na Forster mwaka 1771 katika Chrysis aliitwa cyanurum alipohamia Stilbum, na mwandishi akawekwa kwenye mabano: Stilbum cyanurum (Forster, 1771). Spishi inayobaki katika jenasi yake ya kwanza haina mabano.

Maelezo yenyewe yaanze na utambuzi mfupi, sentensi tatu au nne zinazotaja spishi jirani kwa majina na alama moja moja inayoitenga kila mmoja. Ndipo yafuate maelezo marefu ya holotipo, tofauti za paratipo (sampuli nyingine zilizotumika kueleza spishi), jinsia ya pili, mwenyeji, ramani na orodha ya sampuli kama lebo zinavyosomeka, neno kwa neno, hata kama lebo ina kosa la tahajia; sahihisho lako liwekwe kwenye mabano ya mraba.

Chagua holotipo kutoka jinsia yenye alama nyingi zaidi, iliyokunjuliwa vizuri, yenye vipapasio vyote viwili. Mbandikie lebo nyekundu. Gawa paratipo kwa makumbusho mawili au zaidi, moja likiwa katika nchi zilikotoka, na kabla ya kuzifunga kwa safari zigandishe wiki mbili kuua mabuu wa mende wa makumbusho, kisha uziache zirudi kwenye joto la chumba ndani ya mfuko uliofungwa ili umande usitue juu yake.